Mandolini ya kale: mgongo wa bakuli, Gibson ya umbo la A, au F-5?

Mandolini ni ala ndogo ya nyuzi, na yangu ya kwanza ya kale niliinunua kwa macho. Mgongo wake ulikuwa na mbavu 21 za rozwudi, kati ya ubavu na ubavu umepita ukanda mweupe mwembamba kama uzi, na usoni kulikuwa na kipepeo wa lulu aliyelazwa kwenye gamba jeusi. Muuzaji alinipigia nyimbo mbili, zote huku karibu na kichwa, hazikuvuka freti ya tano (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), na zilikuwa tamu kweli. Nilipofika nayo nyumbani nikapanda hadi freti ya 12. Kidole kikauma, na sauti ikatoka juu kuliko inavyotakiwa. Shingo ilikuwa imejikunja kuelekea mbele, zamani sana, labda kabla babu yangu hajazaliwa. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nililishika mimi.

Tangu hapo zimepita mikononi mwangu nyingine kadhaa, nyingine nimeziuza, na kila anayeanza huniuliza swali lilelile: kati ya ile ya Kiitaliano yenye mgongo wa mviringo kama ala ya udi, na zile za Kimarekani zilizochongwa kama fidla, nichukue ipi? Jibu la haraka ninalo. Kama unataka moja tu, ya kupiga kila siku, tafuta ya kampuni ya Gibson, ya umbo la A (mwili kama tone la maji), yenye tundu la sauti lenye umbo la yai, ya kati ya miaka ya 1910 na katikati ya 1920. Ila kuna watu ambao jibu hilo litawapoteza kabisa, na huenda wewe ni mmoja wao, kwa hiyo twende polepole.

Zilikotoka

Zote unazoziona zina nyuzi nane katika jozi nne, zimekazwa G, D, A, E kama fidla. Kuanzia hapo ni ukoo mbalimbali.

Ukoo wa kwanza ni wa Napoli. Fundi Pasquale Vinaccia ndiye anayetajwa kuipa mandolini sura tunayoijua leo, kwenye miaka ya 1830: nyuzi za chuma badala ya utumbo, mashine za kukazia badala ya vigingi vya mti, na ubao wa freti uliorefushwa. Baadaye wakaja ukoo wa Calace, hasa Raffaele Calace (1863–1934), ambaye mbali na kutengeneza alikuwa mpigaji na mtunzi, na karakana ya familia hiyo bado ipo Napoli. Roma nako kulikuwa na Luigi Embergher (1856–1943), aliyekuwa na karakana Arpino, na mandolini zake ni jambo jingine kabisa, nitazirudia.

Mwaka 1880 kikundi cha wanamuziki Wahispania kilifika New York na ala zao, ambazo kwa kweli zilikuwa bandurria, si mandolini. Watu wakapagawa. Wahamiaji wa Kiitaliano waliokuwapo wakaona soko hilo, wakatoka na mandolini zao, na wazimu ukaanza. Ndiyo sababu leo dunia imejaa mandolini za mgongo wa bakuli zilizotengenezwa Chicago na Lyon & Healy (jina la Washburn utalikuta sana), na nyingine lukuki kutoka Catania, Sicilia, zenye lebo za kujigamba na medali za maonyesho zilizochapwa juu ya karatasi. Nyingi zilitengenezwa kwa haraka na kwa bei ya chini. Kipepeo wangu alitoka kwenye kundi hilo.

Ukoo wa pili alianzisha Orville Gibson, aliyepata hataza mwaka 1898 kwa wazo la kuchonga mandolini kutoka kwenye mbao nene, uso na mgongo, kama fidla, badala ya kukunja mbao nyembamba. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa Kalamazoo, Michigan, mwaka 1902. Waliuza kwa ujanja: walimu wa muziki walikuwa mawakala, mwanafunzi akalipa kidogokidogo, na vikundi vizima vya mandolini vikavishwa Gibson kuanzia mandolini ya kawaida hadi mandoselo, ile kubwa ya sauti nene. Ndiyo maana za umbo la A zimebaki kwa wingi, na hilo ni la faida kwako.

Ukoo wa tatu ni mtoto wa wa pili. Lloyd Loar alifanya kazi Gibson kuanzia 1919 hadi mwisho wa 1924, na mwaka 1922 ikatoka F-5: badala ya tundu moja la yai, matundu mawili ya herufi f, shingo ikasogezwa nje hadi inakutana na mwili kwenye freti ya 15, na ndani ya uso papi mbili (vipande vyembamba vya mbao vya kuuimarisha) zinazokwenda kwa urefu. Kibiashara ilichelewa, watu walishahamia kwenye banjo. Heshima yake ilikuja baadaye, pale mwanamuziki Bill Monroe alipoikuta F-5 yenye tarehe ya 9 Julai 1923 kwenye kinyozi huko Miami, katikati ya miaka ya 1940, akajenga nayo bluegrass, muziki wa Kimarekani wa ala za nyuzi.

Ukiikalia nayo

Hapa ndipo tofauti huanza kuuma au kufurahisha. Ile ya bakuli haikai. Ukiiweka mapajani inateleza kama samaki, kichwa kinashuka, mkono wa kushoto unaacha kazi ya freti unaanza kazi ya kubeba. Wapigaji wa Kiitaliano wanalijua hilo: weka kipande cha ngozi laini au kitambaa chenye mpira mapajani, inua mguu mmoja kwenye kigoda, halafu kaa wima. Ukizoea, unagundua kwamba ule mviringo unaiweka ala mbali na tumbo lako, mgongo hauzibwi, na sauti inatoka huru. Miezi miwili hivi ya kero. Asiye na subira ya miezi miwili aseme mapema.

Urefu wa uzi pia ni tofauti. Za Kiitaliano kwa kawaida ni kama milimita 330 kutoka kizingiti (kijiti kinachopitisha nyuzi karibu na kichwa) hadi kidaraja (kile kinachozibeba juu ya uso). Za Gibson ni kama 352. Kwa hesabu, nafasi ya freti ya kwanza ni milimita 18.5 kwa ile na 19.8 kwa hii. Unaona kama si kitu? Kwa vidole vinene, ile milimita moja na ushei ndiyo tofauti kati ya kukanyaga uzi wako na kukanyaga uzi wa jirani. Kwa mwenye kiganja kidogo ni kinyume, akipanua vidole kwenye Gibson huchoka mapema.

Halafu kuna unene wa shingo. Gibson za kabla ya takriban 1922 hazina fito ya chuma ndani ya shingo, kwa hiyo walizifanya nene, zenye ncha nyuma kama herufi V. Rafiki yangu alishika yangu ya 1914 akasema ni mpini wa jembe. Sikubishana naye. Baada ya fito ya chuma inayorekebishika kuingia (utaitambua kwa kifuniko kidogo kichwani, karibu na kizingiti), shingo zikawa nyembamba, na zile za umbo la A za 1923 hadi karibu 1927 zenye kichwa kinachochongoka kwa juu, zinazoitwa kichwa cha nyoka, ni rahisi kupiga kuliko karibu zote zilizotangulia. Bei yake inalijua hilo.

Embergher alichukua njia yake mwenyewe. Shingo zake ni nyembamba sana, upande mmoja haufanani na wa pili, na ubao wa freti umepinda kidogo kama mgongo wa kijiko, huku ukirefushwa upande wa uzi mwembamba ili solo ipande juu sana. Mara ya kwanza nilidhani imeharibika. Baada ya saa moja sikutaka kuirudisha.

Sauti

Nimekuwa na tabia ya kupiga wimbo mmoja polepole kwenye ala mbili, moja baada ya nyingine, nikiwa nimefunga macho. Nikifanya hivyo kati ya bakuli nzuri ya Kiitaliano na Gibson ya tundu la yai, sihitaji kufungua macho kujua nimeshika ipi.

Bakuli inasema kwa haraka. Noti inatoka angavu, imejitenga na jirani yake, kisha inakufa upesi. Kwa sababu inakufa upesi ndiyo maana tremolo ilizaliwa: ule mtetemo wa kichunio (kile kijipande cha kupigia nyuzi) unaoendelea bila kukatika, unaofanya uzi wa chuma uimbe kama sauti ya mtu. Tremolo kwenye bakuli nzuri ni kama kitambaa cha hariri, huwezi kuhesabu nyuzi zilizofumwa. Na kichunio kirefu chenye ncha kali, cha mtindo wa Roma, kinakupa hariri hiyo kwa urahisi zaidi kuliko kichunio kidogo cha gitaa ambacho wengi wetu tumezoea.

Gibson ya tundu la yai ni nzito zaidi, ya duara, ina giza kidogo, na noti hubaki. Ukipiga nyimbo za polepole peke yako chumbani, au ukimfuata mwimbaji, hakuna inayoishinda. Udhaifu wake hujitokeza ukikaa katikati ya fidla, banjo na gitaa: inazama. Unaona mkono wako unafanya kazi ila hakuna anayesikia.

F-5 haizami. Sauti yake ni kavu, ya mbele, na ukikata kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa mkono wa kulia kisha ukaachia kidole cha kushoto mara moja, inatoka kama ngoma ndogo. Hiyo ndiyo inayoitwa chopu, ile nusu ya pili ya pigo inayoshika mdundo wote wa bluegrass ambako mara nyingi hakuna ngoma. Kwa kazi hiyo, tundu la yai ni kama kuchota maji kwa pakacha. Ila usidhani F-5 ni ya chopu tu: wapigaji David Grisman na Chris Thile, ambaye hupiga F-5 ya 1924, wameitoa nje ya bluegrass mpaka kwenye jazi na muziki wa Bach.

Shingo, shingo, shingo

Sasa nifike kwenye kile ambacho natamani ningeambiwa kabla ya yule kipepeo. Unaponunua mandolini ya kale, unanunua shingo. Mwili ni wa ziada.

Jozi nne zilizokazwa zinavuta kwa jumla zaidi ya kilo 70 kwenye Gibson yenye nyuzi za kawaida za leo. Kilo hizo hazilali usiku. Kwa miaka mia moja zimekuwa zikivuta kichwa kuelekea kidaraja. Kilichotengenezwa vizuri kimevumilia. Kilichotengenezwa kwa haraka kimekubali yaishe.

Jaribio ni rahisi na halihitaji fundi. Ishike kama seremala anavyokagua ubao, jicho kichwani, tazama kandokando ya ubao wa freti kuelekea kidaraja. Kona za ubao ziende moja kwa moja au ziwe na bonde dogo sana. Kisha bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho kabla ya mwili, kwa wakati mmoja: uzi ukiwa umenyooka, ule mwanya wa katikati ndio upindo halisi wa shingo. Halafu pima kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12. Milimita 2 au chini yake kidogo, furahi. Milimita 3, kuna kazi. Bakuli nyingi zinazotundikwa ukutani utazikuta na 4 au 5.

Muuzaji atakuambia, "Hiyo unashusha kidaraja tu." Fanya hesabu. Kushusha nyuzi milimita 1 kwenye freti ya 12, kidaraja inabidi kishuke milimita 2, kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya njia. Kutoka 4 hadi 2, unahitaji kukata milimita 4 za kidaraja. Kidaraja cha bakuli ni kifupi tangu mwanzo. Ukikikata hivyo nyuzi zitabonyeza uso kwa pembe ndogo sana, sauti itakonda, na pengine hakitabaki kidaraja cha kusema.

Na hapa ndipo koo hizi zinapotengana kabisa kwa anayelipa. Shingo ya Gibson imeshikiliwa kwa kiungo chenye umbo la mkia wa njiwa na gundi ya ngozi. Fundi mzoefu anaingiza mvuke, anaitoa, anabadilisha pembe, anairudisha. Ni gharama, lakini ni kazi inayofanyika. Shingo ya bakuli imeungana na kizuizi cha ndani ambacho mbavu zote zimeegemea. Kuitoa ni kuifungua nyumba nzima. Wengi huishia kubandua ubao wa freti na kuweka kabari nyembamba chini yake, jambo linalosaidia ikiwa kasoro si kubwa, na baada ya hapo bado unabaki na ala ambayo thamani yake ni chini ya bili ya fundi. Rahisi ni ghali; kwa bakuli ya Catania methali hiyo inafanya kazi kila siku.

Kisa kingine cha kwangu. Fundi mmoja, ambaye kazi zake za magitaa nilizipenda, alinifungia bakuli yangu ya pili nyuzi za bluegrass, zile zinazoanza na inchi 0.011 na kuishia 0.040. Wiki tatu baadaye uso ulikuwa umebonyea kati ya tundu na kidaraja, nikaweza kulaza penseli kwenye lile bonde. Hakujua, na mimi sikumwambia. Bakuli inataka nyuzi nyepesi kabisa, uzi wa kwanza wa 0.009 au 0.010, na nyuzi nene zake ziwe nyembamba vilevile kwa kadiri. Ukiona nyuzi nzito kwenye bakuli dukani, tafuta bonde.

Gibson nazo zina ugonjwa wao. Ile ya tundu la yai inaegemea upapi mmoja unaopita kwa upana chini kidogo ya tundu. Upapi huo ukiachia gundi, uso unazama taratibu. Gonga uso kwa kifundo cha kidole, polepole, kama unavyobisha hodi kwa mtu aliyelala: kitu kikivuma ndani au kutikisika, chukua kioo kidogo na tochi uchungulie.

Unayoyaona ndani ya tundu

Ukiwa na tochi mkononi, soma. Gibson za zamani zina lebo ya namba ndani, na mara nyingi namba nyingine ya oda ya kiwandani imepigwa kwenye kizuizi cha shingo. Namba mbili zikielekeza kwenye miaka inayokaribiana, vizuri. Zikipishana sana, uliza maswali. F-5 za Loar zina lebo ya pili yenye saini yake na tarehe, na kwa sababu hiyo lebo za kughushi zipo pia. Usinunue Loar kwa lebo, na kwa kweli usiinunue bila mtu aliyezishika nyingi kukaa pembeni yako.

Jambo moja la siri ya wazi kuhusu Gibson za umbo la A: kati ya A ya kawaida, A-1, A-2, A-3 na A-4, tofauti kubwa ni mapambo. Mwili ni uleule kwa kiasi kikubwa. Ukilipia A-4 unalipia mistari ya kingo, rangi ya kivuli na jina la lulu kichwani. F-4, ile yenye bega lililojisokota kama gamba la konokono, nayo ni tundu la yai vilevile, na bei yake ni juu sana kuliko ya A-4. Konokono haimbi. Ni mzuri, nakiri, na kwa mkusanyaji uzuri ni sababu halali ya kununua, lakini asikudanganye mtu kwamba unalipia sauti.

Uhalisi ndio unaobeba bei. Vanishi ya asili iliyochakaa ni bora kuliko vanishi mpya inayong'aa. Aliyeikwangua akapaka upya amefuta sehemu kubwa ya thamani kwa mchana mmoja. Ukibadilisha mashine za kukazia au kidaraja, kile cha zamani kitie kwenye mfuko ukiweke ndani ya kasha, kisitoke humo. Kinga za uso na vifungo vya mashine vya seluloidi ni tatizo la peke yake: seluloidi ya zamani huoza, hupasuka vipandevipande kama biskuti, na mvuke wake hula chuma kilicho karibu. Ukifungua kasha ukakuta nyuzi zina kutu ya kijani mahali pamoja tu, pale kwenye kinga, itoe kinga hiyo na uihifadhi mbali na ala na mbali na moto, kwa sababu inashika moto haraka.

Kwa bakuli, angalia lile gamba la usoni. Kwenye zile za bei ya juu linaweza kuwa la ng'amba halisi, yule kasa wa baharini, na ng'amba yuko kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na pembe za ndovu. Rozwudi ya Brazili nayo iliingizwa humo mwaka 1992. Ukiwa nyumbani hutasikia lolote. Ukivuka mpaka bila nyaraka unaweza kunyang'anywa ala iliyookoka vita viwili vya dunia.

Waliobaki pembeni

Kuna za mgongo bapa, na nadhani ndizo zinazodharauliwa isivyo haki. Martin walianza kutengeneza bakuli kwenye miaka ya 1890, kisha mwaka 1914 wakatoa za mgongo bapa zenye uso uliokunjwa kidogo. Ni nyepesi kama kikapu, zinakaa mapajani bila ubishi, sauti yake iko katikati ya Italia na Kalamazoo, na kwa sababu jina la Martin watu hulifikiria kwa magitaa tu, hazigombewi. Mtu anayetaka ladha ya bakuli bila mateso ya kukaa, aanzie hapo.

Vega wa Boston walikuwa na ile yenye mgongo ulioinuka katikati kama pipa lililolala. Ni ngeni kwa macho, ina kina cha ajabu upande wa nyuzi nene. Lyon & Healy nao, baada ya bakuli zao zote, walitengeneza za kuchongwa zenye ncha mbili mabegani, na modeli yao iitwayo Style A ina urefu wa uzi mfupi wa inchi 13, ni ala ya solo ya kiwango cha juu. Na National, mwishoni mwa miaka ya 1920, walitoa za chuma zenye koni ya alumini ndani ya kukuza sauti: kelele tupu, ya kufurahisha kwa bluzi, nzito kubeba. Sijawahi kuwa na moja na sijajuta.

Basi ni ipi yako

Ukipiga nyimbo za Calace, au unataka kujiunga na kikundi cha mandolini kinachopiga tremolo ya sauti nne, nenda kwenye bakuli bila kusitasita, lakini nenda kwenye bakuli yenye jina la fundi na shingo iliyonyooka, hata kama uso umepasuka na mapambo yamebanduka. Mpasuko unazibwa. Calace ya karakana yenye mwaka na saini ni bora kuliko kumi za ukutani. Embergher ni ya yule anayejua tayari kwamba anaitaka. Kama bado unauliza, haijafika zamu yake.

Ukipiga bluegrass, Loar halisi ni ya wachache wenye hela za nyumba. Gibson F-5 za baada ya vita hadi miaka ya 1970 zina sifa ndogo kwa wapigaji, na mimi sioni sababu ya kulipia jina kwenye ala isiyochopu vizuri. Hapo ushauri wangu unakwenda kinyume na ukale: tafuta nakala nzuri ya fundi binafsi, watu kama Stephen Gilchrist wa Australia waliotumia miaka mingi kuzipima za Loar na kuzijenga upya. Si za kale bado. Zinazeeka.

Kama huna muziki maalumu, unapiga kidogo cha kila kitu jioni, unataka ala yenye historia ambayo haitakuvunja mkono wala mfuko, ndiyo ile A ya tundu la yai. Ya kawaida kabisa, bila jina la lulu, vanishi yake ya kahawia ikiwa imelika pale ambapo kidole kidogo cha mtu fulani kilikuwa kikiegemea miaka ya 1920. Ukipata ya kichwa cha nyoka yenye fito ya chuma, ongeza pesa. Ukipata ya shingo nene, shika mpini wa jembe kwa dakika 20 kabla ya kuamua, si dakika 2, kwa sababu maumivu ya kiganja huja kwenye ya kumi na tano.

Ukinunua bila kuishika, omba muuzaji akurekodie kila uzi kwenye freti ya 12, kisha uzi huohuo ukiguswa tu juu ya freti hiyo bila kubonyezwa. Noti mbili zinatakiwa zilingane. Ombi hilo likileta ukimya, tayari umejibiwa. Omba pia picha moja iliyopigwa kutoka kichwani kuelekea kidaraja, na moja ya rula ikisimama kwenye freti ya 12. Wauzaji wazuri hawachoki na maombi haya. Mmoja alinitumia sita, pamoja na ya upapi wa ndani uliowahi kugundishwa upya, jambo ambalo nisingeliona. Nilinunua kwake mara mbili.

Ikifika, usiikaze siku hiyohiyo. Iache kwenye kasha lake usiku mzima izoee hewa ya chumba, unyevunyevu wa asilimia 40 hadi 50 ukiweza, ndipo uikaze noti moja chini ya kawaida kwa siku kadhaa, ukiangalia uso kila asubuhi.

Kipepeo wangu bado ninaye. Yuko ukutani, bila nyuzi hata moja, kwa sababu siku nilipozitoa niliona kichwa kimerudi nyuma nusu milimita, na nikamwacha apumzike.